Imewaka jamani!

Mafuriko ya hapa Houston yaliingia gereji, yakaifunika mashine yangu ya kukatia nyasi, ile ya kupanda, injini yote.

Jirani ananiambia, "Piga stata tu, itawaka."
Thubutu! Maji yakiwa ndani ya silinda hayabanwi, konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, ndiyo inapinda.

Leo nimefungua plagi kwanza, ndipo nikazungusha injini. Maji yakaruka kwenye tundu la plagi, shati lote chepe.

Oili niliyomwaga? Chai ya maziwa kabisa.
Nikaweka mpya, nikasafisha kabureta, petroli nyingine, betri ya kuazima.

Ikakohoa.
Moshi mweupe.
Ikanguruma!

Mama watoto katoka na mwiko mkononi, anacheka.

Mafundi, hii oili niimwage tena lini? Na beringi za visu, grisi inatosha au nibadili?