Siku Moja Chini ya Datsun 240Z

Saa mbili asubuhi gari lilikuwa limeshakaa juu ya stendi, magurudumu ya nyuma yameondolewa, nami nimeshaingia chini kubadilisha difu, lile sanduku la gia la nyuma linalogawia magurudumu nguvu ya injini. Wengi hudhani kazi hii ni kufungua bolti na kuzifunga tena.

Nilianza na kizibo cha kujazia oili, kwa kuwa kikigoma baada ya oili ya zamani kumwagwa, gari halitakwenda popote. Oili ilitoka nyeusi, ikimetameta chembe za chuma; kumbe ule mvumo uliobadilika kila dereva alipokanyaga na kuachia mafuta ulitoka kwenye gia zenyewe. Kishindo kilichosikika klachi inapoachiwa kilikuwa na chanzo kingine: raba ya mbele inayoshikilia difu ilikuwa imepasuka, ugonjwa uliozoeleka katika magari haya.

Saa nne mwenye gari alipiga simu. Difu aliyoileta mwenyewe ni ya uwiano wa 3.9, meno 39 kwa 10, yaani shafti inayotoka kwenye giaboksi huzunguka mara 3.9 magurudumu yakizunguka mara moja, ilhali ile iliyokuwamo ni ya 3.364, meno 37 kwa 11. Nilimweleza kwamba gari litachomoka vizuri zaidi, lakini kwa mwendo uleule na gia ileile injini itazunguka takriban asilimia 16 zaidi, na kwa kuwa spidomita huendeshwa kutoka kwenye giaboksi, itaonyesha 100 wakati mwendo halisi ni kama 86, mpaka kigia chake kidogo kibadilishwe. "Fundi, difu ni difu," alinijibu. Alipiga tena kuuliza kwa nini raba mpya inahitajika, kisha tena kuuliza kama nimemaliza, na kila mara nilitoka chini ya gari, nikafuta mikono na kumjibu kwa heshima, maana gari ni lake na ana haki ya kuelewa.

Mchana wote uliliwa na kutu. Bolti za upau unaoshikilia difu kwa nyuma zilikataa kabisa, na sikuthubutu kutumia moto kwa sababu tangi la petroli liko karibu. Kwa hiyo nilipulizia mafuta ya kulegeza, nikasubiri, nikakaza kidogo ndipo nikalegeza, nikarudia, nimelala chali huku kutu ikinidondokea machoni, hadi mabega yakafa ganzi. Subira hiyo ndiyo ufundi wenyewe, ingawa hakuna anayeiona. Shafti na difu zilipotoka, kufunga kulikwenda upesi: raba mpya, oili mpya, kila bolti ikikazwa kwa spana ya kupimia.

Giza lilikuwa limeingia nilipolijaribu barabarani. Mvumo haukuwapo, kishindo hakikuwapo, na sili hazikuvuja. Nilimkabidhi funguo na kumwomba asiiamini spidomita mpaka nitakapofunga kile kigia, siku atakayolirudisha gari nikague tena ukazaji wa bolti.