Mti wa jirani karibu na nyumba: chunguza udongo kabla ya kushika shoka

Mti wa jirani ukiwa mita tatu au nne kutoka ukutani, hofu ya kwanza ni mizizi kupasua msingi. Ni nadra kutokea hivyo. Mzizi hufuata maji na hewa. Ukikuta msingi imara hupinda na kupita pembeni. Sehemu kubwa ya mizizi hukaa ndani ya sentimita 60 za juu, ila hutambaa mbali kupita kivuli cha mti.

Cha kuogopa ni udongo wa mfinyanzi. Ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa. Kiangazi, mti mkubwa hufyonza unyevu ulio chini ya msingi, upande huo ukatitia na ukuta ukapata ufa. Ufa wa aina hii aghalabu huanzia kona ya dirisha au mlango, hupanda kimshazari, na juu huwa mpana kuliko chini.

Upime. Chora alama mbili za penseli, moja kila upande wa ufa, pima nafasi iliyo kati yake kwa rula, kisha andika kipimo na tarehe hapo hapo ukutani. Rudia kila mwezi, angalau kiangazi kimoja na msimu mmoja wa mvua. Ukipanuka wakati wa ukame na kujibana mvua zikirudi, udongo unacheza, na huenda mti unachangia. Nyufa nyembamba za plasta zisikunyime usingizi. Zikizidi milimita 5, au milango ikaanza kukwama, mwite mhandisi.

Kwenye mabomba ya maji taka, mzizi huingilia kwenye maungio yanayovuja. Chemba ikiziba kila mara, rekebisha maungio. Kukata mizizi iliyo ndani ya bomba peke yake ni kuahirisha tu.

Kuhusu kuanguka, mti ulioinama tangu mchanga, ncha yake ikajinyoosha kwenda juu, kwa kawaida hauna shida. Ulioinama ghafla, huku udongo ukiinuka upande wa pili wa shina, ni wa kushughulikiwa leo, na msilale vyumba vya upande huo. Uyoga kwenye kitako cha shina nao ni dalili ya kuoza ndani.

Tafadhali usichimbe mtaro kando ya ukuta na kukata mizizi yote. Hiyo ndiyo inayoushikilia mti. Usikate ndani ya umbali wa mara tano ya kipenyo cha shina: shina la sentimita 40, kaa mita 2 au zaidi. Kuung'oa wote nako kuna athari zake: mfinyanzi uliokaushwa miaka mingi hunyonya maji tena, ukavimba na kuinua sakafu, hasa mti ukiwa mkongwe kuliko nyumba.

Kwa hiyo nenda kwa jirani na vile vipimo vyenye tarehe. Mwombe matawi yawe mita 2 kutoka kwenye paa, na yakatwe nje kidogo ya uvimbe ulio pale tawi linapoungana na shina, si kulisawazisha na shina, ili jeraha lifunike.