Feki kali

Leo Kariakoo nimeuliza bei ya raba, muuzaji akanijibu bila kupepesa macho: "Dada, hiyo feki, lakini feki kali. Ogino ipo ndani." Ogino, yaani ile halisi. Nimempenda kwa ukweli wake!

Neno feki lenyewe la Kiingereza, ila limeshakuwa letu. Tulikuwa nalo zamani, lakini Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilipozima simu feki na watu wakawa wanabonyeza *#06# kwa hofu ili waone namba ya utambulisho wa simu zao, hata bibi yangu alilijua. Sasa hivi kuna kucha feki, machozi feki, hadi wachumba feki (hao ndio wengi).

Waingereza wanalifanya kitenzi pia, mtu "anafeki" ugonjwa. Kwetu huyo anajisingizia tu, hasa Jumatatu.