Chupa moja, watu 10: siku yangu ya kazi Lamu

Watu wengi wanadhani sisi wahudumu wa afya ya jamii tunalipwa kwa kila mkono unaodungwa sindano ya korona. Nimeulizwa hilo sokoni, nimeulizwa msibani, na hata harusini mtu alinivuta kando kuniuliza ni shilingi ngapi kwa kichwa. Hii ni kazi ya kujitolea, na posho ikija huwa imechelewa. Basi naandika siku moja ya Disemba hii ya 2021 ilivyokwenda, mwone wenyewe.

Saa 11 alfajiri. Swala, chai, mahamri ya jana. Watoto nawaachia mama, daftari natia mkobani.

Saa 2 asubuhi. Niko kituoni na nesi, tunapanga chupa za AstraZeneca kwenye kisanduku cha barafu. Chanjo hii hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Chupa moja ina dozi 10, na ukishaitoboa una muda wa saa 6 tu, kinachobaki kinamwagwa. Ndiyo maana nesi hawezi kufungua chupa kwa sababu ya watu wawili watatu. Yeye kazi yake kudunga, mimi kazi yangu kumtafutia hao 10.

Saa 3 na nusu. Boti ya Matondoni. Maji yalikuwa yamekupwa, tukashuka mbali na kutembea kwenye tope, kisanduku kichwani, buibui nimelikunja hadi magotini.

Saa 4 na nusu. Tumekaa kivulini, karibu na jahazi linalotengenezwa. Wanawake wasukaji mikeka walikuwa wameshakubali tangu juzi, nilipopita nyumba kwa nyumba. Watano wamekuja, wamekaa mkekani wakingoja wenzao. Nikajua leo itakuwa nyepesi.

Ndipo fundi aliyekuwa akitia kalafati, pamba ya kuziba nyufa, ubavuni mwa jahazi akapaza sauti bila kugeuka: "Nyinyi wanawake, mwajua mwatiwa nini mwilini?"

Wawili wakainuka papo hapo.

Nikamwendea. "Ami, sabalkheri."

"Kheri. Korona gani hiyo mwatuletea? Mimi sijaona maiti wa korona hapa Matondoni hata mmoja. Hoteli za Shela zikafungwa, watalii wakakatika, boti zikakaa mchangani. Misikiti ikafungwa, ilipofunguliwa tukaambiwa watu 100, saa moja, na mzee aliyepita miaka 58 akae nyumbani. Sasa mwataka na mikono yetu."

Katika maneno hayo yote, la maiti tu ndilo ningeweza kubishana nalo. Mengine yote yalitokea, na Lamu nzima inayajua. Mtu aliyepoteza riziki kwa sababu ya ugonjwa asiouona kwa macho, akisema ugonjwa haupo, mimi simwiti mjinga. Na tangazo la serikali la mwezi uliopita, kwamba kuanzia tarehe 21 Disemba asiyechanjwa asihudumiwe kwenye ofisi za serikali, limetuletea watu, lakini pia limempa mwenye shaka hoja mpya. Fundi aliitoa hapo hapo: "Kama ni kheri, mbona kwa nguvu?"

Kisha akaja na Magufuli. Hapa Magufuli hakosi kutajwa. Mwaka jana tulisikia wote aliposema papai na mbuzi wamepimwa wakaonekana wana korona, na Tanzania ikaacha kutoa hesabu ya wagonjwa. Nikamwambia, ami, Mama Samia naye mwezi wa Julai mwaka huu amedungwa hadharani, kila mtu akiona. Akasema huyo kalazimishwa na Wazungu.

Nikanyamaza. Mafundi wawili na vijana wanafunzi walishaacha kazi kutusikiliza, na mzee aliyekwisha kusema neno mbele ya wanafunzi wake halirudishi kwa sababu mwanamke amemshinda kwa hoja. Kila jibu langu lingemsukuma atafute jingine. Nesi ananitazama, anatazama saa. Barafu inayeyuka.

Nikakaa juu ya gogo. Nikamuuliza: "Ami, katika korona yote hii, lililokuuma zaidi ni lipi?"

Hakujibu kwa muda. Aliendelea kuisukuma pamba kwenye upenyo wa mbao kwa patasi butu, anagonga, anasogea shubiri moja, anagonga tena. Harufu ya sifa, yale mafuta ya samaki ya kupaka chombo, imejaa puani, jua limeshatufikia. Karibu niondoke. Halafu akasema, yuko vilevile hajageuka, kwamba ndugu yake alifia hospitali moja Mombasa mwaka jana. Alipofika, ndugu alikuwa ameshafungwa kwenye mfuko wa plastiki. Akazikwa na watu waliovaa nguo nyeupe na miwani, hakuoshwa na nduguze, uso wake hakufunuliwa. "Watu wasiojulikana waniambia ni korona. Mimi sikumuona. Nitajuaje hata kama ni yeye?"

Nimefunzwa mambo mengi kwenye semina, dalili, umbali, kunawa mikono. Hili sikufunzwa. Nikampa mkono wa pole ya msiba, kama tunavyopeana siku zote, na jina la ugonjwa sikulitaja. Akaweka nyundo chini.

Tukazungumza habari za nduguye, na muda ukapita sijui kiasi gani. Mwishowe akauliza mwenyewe: "Wewe umesoma chuo cha Kurani. Muumini aogope ugonjwa?" Nikamkumbusha Sayyidna Umar, khalifa wa pili, alipokuwa njiani kwenda Sham, upande wa Syria, akaambiwa kuna tauni, akageuza msafara. Akaulizwa, wakimbia kadari ya Mungu? Kabla sijamaliza, fundi akamaliza yeye: "Twakimbia kadari ya Mungu kwenda kadari ya Mungu." Kisa alikijua kuliko mimi. Akauliza kama chanjo yazuia korona. Nikamwambia ukweli: unaweza kuchanjwa na bado ukaipata, ila inapunguza sana kulazwa na kufa. Nadhani kule kutomuahidi makubwa kulimtuliza.

"Mimi leo sidungwi," akasema. Kisha akawageukia vijana: "Atakaye na aende."

Wale wawili wakarudi. Vijana wakaja wanasukumana. Ilipofika saa 8 hivi nesi akaitoboa chupa, na mtu wa mwisho alitoka kuvua, miguu ina magamba ya samaki. Hatukumwaga hata tone.

Kurudi mjini ni usingizi botini. Halafu nyumba za Mkomani, mzee wa kisukari, mama aliyekosa kliniki, ripoti. Miguu inawaka na bado kuna samaki wa kuparwa.

Hasira zangu mimi nawawekea wanaotengeneza zile sauti za WhatsApp zisizo na jina, zinazozunguka kisiwa kizima kabla sijavaa viatu. Hao sikai nao gogoni. Zikinifikia nazifuta, sizisambazi hata kwa kuzikejeli, maana anayecheka naye ameshampelekea mwingine.

Usiku huu mmoja wa wasukaji mikeka ameniletea moja: chanjo yaua kizazi. Binti yake anaolewa mwakani. Nimemjibu kwamba hakuna ushahidi wa hilo, na kwamba kesho saa 3 nesi atakuwa mtaa wa Langoni, amlete binti aulize mwenyewe, hata kama hatadungwa. Amesema watakuja wote wawili. Halafu ameuliza kama binti inabidi afunge kabla ya sindano. Nimemwambia hapana, ale ashibe.