Kipande cha boksi kilichonipatia viatu vya nyika

Viatu vyangu vya mbio za nyika nimevipata Soko la Memorial, soko la mitumba hapa Moshi, kwa kama elfu thelathini hivi, na vinanikaa kuliko vile vya laki na kitu nilivyouziwa dukani. Naandika kwa sababu nimechoshwa na ushauri wa watu ambao hawajawahi kukimbia mteremko wa Kibosho wakati wa masika.

Wa kwanza alikuwa muuzaji wa duka moja la michezo. Alinipa raba za lami, soli nene na laini, akanihakikishia: "Dada, chukua namba moja juu, utavaa soksi mbili." Kupanda hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kushuka! Udongo wetu mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni, na soli ile haikuwa na meno ya kuushika. Tope likaganda chini, kila hatua nikawa nainua shamba la mtu. Ndani ya kiatu mguu ulikuwa unasukumwa mbele, vidole vinagonga ncha. Soksi ya pili ikanywa maji, ikajikunja chini ya unyayo, nikapata malengelenge. Kucha za vidole gumba ziligeuka nyeusi, baadaye zikang'oka zote mbili.

Kisha wakaja wa "kimbia pekupeku, mbona Abebe Bikila aliweza?" Ni kweli, huyo Mwethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma 1960 bila viatu kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Lakini zile zilikuwa barabara za mjini, hazina visiki wala miiba. Na inasimuliwa kwamba aliviacha viatu kwa sababu vilivyokuwepo havikumkaa vizuri. Tokyo 1964 alivaa viatu, akashinda tena kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Hilo hawalisemi.

Basi nikaanza na mguu wangu. Jioni moja baada ya mbio ndefu, miguu ikiwa imevimba, nilisimama juu ya kipande cha boksi nikachora nyayo zote mbili. Ni lazima usimame, maana unyayo hutanuka ukibeba uzito. Wa kushoto ulitokea kuwa mrefu kidogo, nikaufuata huo, nikaongeza nafasi ndogo mbele ya vidole, nikakata.

Sokoni nilikuwa natoa soli ya ndani ya kila kiatu na kulaza boksi langu juu yake. Vijana walicheka sana. Namba nilizipuuza, kwa sababu 40 ya kampuni moja ni 39 ya nyingine. Nilisoma sentimita zilizoandikwa kwenye ulimi wa kiatu. Niliona viatu vizuri kwa macho ambavyo boksi lilijikunja pembeni, nikavirudisha. Mwishowe muuzaji mwenyewe alininyang'anya boksi, akawa anapekua rundo kwa ajili yangu, na ndiye aliyezipata spaiki hizi, yaani viatu vyenye misumari kwenye soli.

Hata boksi lilipoenea ndani yake sikulipa haraka. Mitumba iliyokaa miaka mingi sponji yake hukauka na gundi huachia, kwa hiyo zibonyeze kwa dole gumba, zipinde, usikilize. Misumari ilikuwa na kutu; fundi viatu aliipaka mafuta, akaifungua, akachukua elfu mbili au tatu. Kanuni za mbio za nyika zinaruhusu misumari ya hadi milimita 25. Mimi kwenye tope nafunga ya 12, ardhi ikikauka nafunga mifupi, na lami sikanyagi nazo kabisa.

Kamba ipitishe hadi tundu la mwisho karibu na kifundo, ndipo kisigino kitakapotulia kwenye mteremko. Spaiki zikilowa, zijaze magazeti uzianike kivulini, usiziweke karibu na jiko.

Na muuzaji akikukatalia kutoa soli ya ndani, nenda meza ya jirani. Memorial zimejaa.