Carina ya 1998 na ekzosti iliyonidanganya

Km 287,412

Gari ni Toyota Carina Ti, AT212, ya mwaka 1998, injini 5A, cc 1,498. Ilitumika Japani, ikatumika na mwenyewe wa kwanza hapa Moshi, kwa hiyo mimi ni mtu wa tatu kuichakaza. Daftari hili nililianza ili nikumbuke tu nimemwaga oili lini. Sikutegemea lingejaa habari za ekzosti.

Kelele ilianza mwezi wa tano, masika yakiishia. Kwanza ngurumo ndogo nikikanyaga mafuta kupandisha kuelekea Rau. Baada ya wiki mbili ilikuwa trekta la shamba la miwa. Nyumbani walishazoea. Mke wangu akiisikia kule darajani anapakua chakula, binti anakimbilia geti, nami nikifika geti liko wazi na wali unafuka. Kuna siku bodaboda alinisogelea kwenye kona akaniuliza, "Mkuu, unalima wapi?"

Kila niliyemuuliza alikuwa na jibu lile lile: sailensa ya nyuma imekufa. Nami niliamini, maana sauti ilitoka nyuma.

Km 287,431

Jumapili baada ya ibada nikainua gari. Uwanja wangu ni udongo, na jeki kwenye udongo wenye unyevu inazama kama kisigino cha kiatu cha harusi. Niliweka kipande cha mbao nene chini yake, tairi za mbele nikazizuia kwa mawe mbele na nyuma, gari ilipopanda nikaishusha juu ya stendi mbili. Kisha nikaisukuma kwa bega. Ikitikisika siingii chini, hata mtu aniite mwoga. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake.

Kweli sailensa ilikuwa imeoza. Kwenye mshono wa juu, upande usioonekana ukiinama tu, kidole changu cha shahada kiliingia chote. Nilipogonga kwa mpini wa bisibisi kutu ilimwagika usoni kama majani ya chai.

Nikafanya anachofanya kila mwenye gari kuukuu: nikatafuta kopo. Kopo la maziwa ya unga, nimelikata, nimelinyoosha, nimelipaka gundi ya ekzosti, nimelizungusha na kulikaza kwa klampu mbili na waya. Lilipendeza. Lilikaa siku tisa.

Km 287,504

Siku tisa hizo nilitumia kujiuliza kwa nini sailensa ioze wakati kila mwaka naipiga rangi ya fedha. Jibu ni kwamba inaoza kutokea ndani, na rangi yangu ilikuwa inapamba jeneza. Kila lita ya petroli inayoungua inazaa karibu lita nzima ya maji, nayo hutoka kama mvuke. Ukiendesha mwendo mrefu, tuseme hadi Arusha, kilomita 80, bomba zima linapata moto na mvuke wote unatoka. Mimi kutoka nyumbani hadi dukani kwangu ni kilomita nne. Sailensa ya nyuma iko mbali na injini, ndiyo ya mwisho kupata joto. Nikizima gari, mvuke uliobaki unageuka maji mle ndani, unachanganyika na mabaki ya salfa ya mafuta, inakuwa asidi hafifu, nayo inakesha ikila bati. Jirani yangu ana gari la umri huu huu, yeye kila siku yuko njia ya Arusha na Himo, na sailensa yake bado ngumu. Nilidhani amebahatika.

Km 287,561

Nimenunua sailensa ya mtumba. Kabla ya kulipa niliitikisa sikioni (ikicheza kitu ndani, iache), nikaibonyeza mishono yote kwa bisibisi, nikapima mdomo wake na bomba langu kwa kamba. Muuza spea aliniangalia kama napima mahari.

Kuchomelea sikuthubutu mwenyewe. Bati la bomba ni jembamba, na mashine ya umeme kwa mkono wa mwanafunzi inatoboa kuliko inavyoziba. Nikaenda kwa fundi wa gesi, kijana mpole, kazi yake safi, mshono umelala kama wa cherehani. Tulibishana jambo moja tu. Chini ya sailensa kulikuwa na tundu dogo, unene wa msumari.

"Bosi, hapa pametoboka, nakuzibia bure."

"Liache, mdogo wangu. Limewekwa kiwandani, maji yatokee hapo."

"Litapiga kelele."

"Litadondosha maji."

Aliniachia kwa shingo upande. Nilibadilisha pia mipira mitatu inayoning'iniza ekzosti, maana ya zamani ilikuwa imepasuka na bomba zima lilikuwa linabebwa na ule mmoja uliobaki. Bomba likining'inia vibaya, uzito wote unakwenda kuvuta viungo vya mbele. Kumbuka sentensi hii, nitairudia kwa uchungu.

Nikawasha gari pale pale gereji. Ngurumo ikapungua kidogo. Kidogo tu! Kufika darajani, geti limeshafunguliwa.

Km 287,640

Kibosho, kwa baba mkubwa. Aliendesha malori miaka mingi na hadi leo gari analisikiliza kabla hajamsikiliza dereva. Nilipofika nikamwamkia, akaitikia marahaba huku anatazama boneti.

"Umebadilisha nyuma?"

"Nimebadilisha, baba mkubwa."

"Nani alikwambia ni nyuma?"

"Sauti inatoka nyuma."

"Sauti inatoka kwenye mdomo. Ugonjwa uko kifuani."

Akaniambia nisiwashe gari hadi asubuhi. Kulipokucha injini ikiwa baridi kabisa, na gari ikiwa nje mahali pa wazi, aliwasha mwenyewe, akanipa tambara lililoloana na kuniambia nibane mdomo wa bomba kwa sekunde chache tu. Moshi ukikosa njia nyuma, unatafuta upenyo mwingine. Naye alikuwa mbele ameinamia injini. Akaniita kwa mkono. Tukabadilishana nafasi, nami nikasikia wazi: ts-ts-ts-ts, kama mtu anaita kuku kwa siri. Ilitoka pale menifoldi, yaani chuma kinachokusanya moshi wa injini, inapoungana na bomba la mbele. Tulipomulika kwa tochi, palikuwa na masizi meusi yamechora mkia kwenye chuma. Alama hiyo ilikuwepo siku zote. Mimi nilikuwa nalala chini ya upande mwingine wa gari.

Kiungo hicho kinashikwa na bolti mbili zenye springi, katikati kuna gasketi ya duara kama pete nene, ili injini ikitikisika bomba lijipinde kidogo bila kukatika. Pete ilikuwa imeliwa upande mmoja. Mipira ya nyuma ilipokatika bomba lilishuka, likawa linaikandamiza pete upande mmoja miezi yote hiyo. Sailensa ilikuwa mbovu kweli, lakini iliyonguruma zaidi ni hii.

Km 287,655

Hapa niandike jambo ambalo bado linanikaa vibaya. Tangu Pasaka binti alikuwa analalamika kichwa kila tukikwama kwenye foleni. Sisi tukisema ni njaa, ni jua, hapendi shule. Upenyo huo wa mbele uko chini ya boneti, na hewa ya kwenye gari inavutwa kutokea huko huko mbele. Gari ikiwa inatembea upepo unapeperusha moshi, ikisimama unaingia. Ndani ya moshi huo kuna kaboni monoksidi, gesi ile ile ya jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, haina rangi wala harufu. Mimi mwenyewe kila mwezi wa saba wa baridi nagombana na watu wasilale na jiko. Kumbe nilikuwa na jiko langu lenye tairi nne.

Tangu siku hiyo hakupanda gari mpaka nilipomaliza kazi.

Km 287,655, bado

Bolti mbili zimenichukua siku mbili. Ijumaa jioni nilizinyunyizia WD-40, dawa ya kulegeza kutu, Jumamosi alfajiri tena. Nikasugua nyuzi kwa brashi ya waya, nikawasha injini dakika tano chuma kipate moto kidogo, nikaweka soketi namba 14 na kipande cha bomba kuongeza urefu wa mpini. Mbinu ni kukaza kidogo kwanza, kisha kulegeza, kisha kukaza tena, unaivunjia kutu polepole. Ya kwanza ilitoka ikilia. Ya pili ilinipa ule ulaini ambao kila fundi anaujua, pale spana inapogeuka ghafla kwa urahisi na moyo unashuka: kichwa kimebaki kwenye soketi. Nilimaliza Jumamosi hiyo kwa drili, miwani machoni, chuma kinanidondokea shingoni.

Nikiwa bado nimelala pale, spana mkononi, niligonga masega, yaani kile kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la ekzosti, kwa mazoea tu. Yanatakiwa kutoa sauti nzito, iliyoshiba, maana ndani kuna kauri yenye vitundu vingi iliyopakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Yangu yalilia kama debe tupu. Nikamulika: mshono mrefu wa kuchomelea juu ya ganda, upande wa bodi, umepakwa rangi nyeusi. Mtu amekata, ametoa, amefunga.

Gari hii imelala nje ya mikono yangu mara moja tu, kwenye gereji moja mwaka jana, kazi ya klachi. Sitaitaja, sina ushahidi zaidi ya mshono. Lakini sasa naelewa ule mlio wa pipa uliobaki hata baada ya sailensa, na kwa nini nguo zangu zinanuka moshi. Taa ya injini kwenye dashibodi haikuwaka kwa sababu gari hii ina sensa moja tu ya oksijeni, iliyo mbele ya masega. Ya nyuma ya kuyachunga haipo. Kijana mmoja aliniambia nishukuru, eti bila masega gari inavuta. Haivuti. Inapiga kelele, na watu huchanganya hayo mawili.

Bei niliyotajiwa ya masega imeniketisha. Yatasubiri.

Km 287,660

Pete mpya, bolti mpya, springi mpya. Nyuso za chuma nilizisugua kwa msasa mpaka zikang'aa, bolti nikazikaza kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, pete ikae sawa. Jaribio la tambara: kimya mbele, moshi unanisukuma mkono nyuma.

Kwa kuwa nilishachafuka, nikamaliza na mengine. Plagi zote nne zilikuwa nyeusi za masizi. Nadhani ni pete ile: kati ya msukumo na msukumo wa moshi kunakuwa na mvuto mdogo, hewa ya nje inaingia kwenye upenyo, sensa iliyo jirani inasoma hewa nyingi, kompyuta inaongeza petroli bila sababu. Oili, karibu lita tatu na filta yake, filta nimekaza kwa mkono tu. Oili chafu kaichukua jirani, anapaka nguzo za uzio dhidi ya mchwa.

Km 287,988

Tenki la kwanza baada ya kazi: kilomita 11.2 kwa lita. Kabla ya hapo daftari linasema 8.9. Jumapili hii nimeipeleka hadi Himo na kurudi, bila safari yoyote ya maana, kuikausha sailensa. Mke wangu anasema hiyo ni sababu ya mtu aliyetaka tu kuendesha. Binti alikaa nyuma njia nzima akiimba.

Jioni nilifika getini saa moja kasoro. Limefungwa. Nikangoja. Nikapiga honi mara mbili, ndipo binti akatoka anafuta mikono, nyuma yake sauti ya mama yake jikoni: "Mbona hatujakusikia? Hata ugali sijasonga."