Nilivyoiona 3DS ikidoda
Kila nikisikia watu wakisema mashine mpya ya gemu imedoda, naikumbuka 3DS, mashine ya gemu ya mkononi ya kampuni ya Nintendo. Mwaka 2011 nilikuwa Marekani, nikaipenda tangu siku ya kwanza. Picha ya 3D bila miwani, jamani! Lakini mauzo yalisuasua: gemu za maana zilikuwa chache, na bei dola 249.99. Agosti wakaishusha hadi 169.99, na rais wa kampuni, Satoru Iwata, akajipunguzia mshahara kwa nusu. Hilo lilinigusa mno. Sisi tulionunua mapema tukapewa gemu 20 za zamani bure, na bado ninazicheza. Mwisho wa mwaka ikaja gemu ya mbio za magari, Mario Kart 7, watu wakaanza kununua kwelikweli. Hadi wanaacha kuitengeneza 2020, zilishauzwa zaidi ya milioni 75.